Vihisi vya viwandani: tathmini ya jamii zake kuu kwa anayetaka kununua

Kihisi cha kiwandani huuzwa kwa tarakimu. Kwenye boksi, au juu kabisa ya karatasi ya maelezo, utakuta milimita 4, asilimia 0.5, nyuzi joto 850, IP67 (alama ya kinga ya kasha dhidi ya vumbi na maji), na mnunuzi mwenye haraka huzichukua tarakimu hizo, akalinganisha bei, akalipa. Tarakimu zenyewe si za uongo. Tatizo ni kwamba zilipatikana mahali patulivu, mbele ya shabaha iliyokatwa kwa vipimo maalumu, katika hewa safi na halijoto isiyopanda wala kushuka, ilhali kihisi chenyewe kitakwenda kufungwa chini ya mkanda wa kusafirishia mizigo unaotetemeka mchana na usiku, kando ya bomba la mvuke, au juu ya tangi lenye povu. Kwa hiyo tathmini hii haishindanishi chapa. Inapitia jamii kuu za vihisi vinavyouzwa kwa ajili ya viwanda na kuiuliza kila jamii swali lile lile: kihisi kikishatoka kwenye boksi na kufungwa mahali pake, ahadi yake inabaki kiasi gani?

Nianze na kihisi cha induksheni, kile kinachotambua metali bila kuigusa, kwa sababu ni vigumu kupata mtambo wenye sehemu zinazosogea usiokuwa nacho. Kampuni ya Pepperl+Fuchs ya Mannheim, Ujerumani, ilitengeneza swichi ya aina hii mwaka 1958, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Nyuma ya uso wake mna koili inayotoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi kubwa. Kipande cha metali kikisogea karibu, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya kipande hicho na kunyonya nguvu ya uga, osileta, yaani saketi inayoiendesha koili, hudhoofika, na saketi hugeuza udhaifu huo kuwa amri ya kuwasha au kuzima. Kwa kuwa hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Na kwa kuwa uga wa sumaku haujali mafuta, maji wala vumbi la unga, kihisi hiki kinaweza kufanya kazi kwa miaka kikiwa kimepakwa uchafu ambao ungekipofusha kihisi cha mwanga ndani ya wiki moja. Nikitumia kigezo changu, sioni jamii nyingine inayotimiza ahadi zake kwa bei ndogo namna hiyo.

Ahadi hizo, hata hivyo, zina masharti, na masharti yameandikwa kwa herufi ndogo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-5-2 kinataka umbali wa kihisi upimwe mbele ya kipande cha mraba cha chuma laini chenye unene wa milimita 1, ambacho upande wake ni sawa na kipenyo cha uso wa kihisi au mara tatu ya umbali uliotajwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Sasa chukua kihisi cha kawaida cha M12, yaani chenye kasha la skrubu la kipenyo cha milimita 12, na chenye umbali wa milimita 4, ukifunge mbele ya gurudumu la alumini. Alumini hupunguza umbali hadi takriban 0.4 ya ule wa chuma laini, kwa hiyo zinabaki milimita 1.6. Kiwango hicho hicho kinakubali kwamba vihisi viwili vya toleo moja havifanani kabisa, na kwamba halijoto na volti huvisogeza kidogo, ndiyo maana umbali wa kutegemewa ni asilimia 81 tu ya ule uliotajwa. Ukifanya hesabu hiyo juu ya 1.6 unapata milimita 1.3. Beringi ya gurudumu ikiwa imelegea kwa nusu milimita, fundi amebakiwa na nafasi isiyofika milimita moja, wakati boksi lilimwambia 4. Shaba nyekundu ni mbaya zaidi, kwenye 0.3 hivi, shaba ya njano hukaribia 0.45, na chuma kisichoshika kutu huangukia karibu na 0.7. Vipo vihisi vinavyosoma metali zote kwa umbali mmoja, na bei yake iko juu. Ninavipendekeza pale tu ambapo shabaha ni alumini au ambapo metali tofauti hupita mbele ya kihisi kimoja. Mahali pengine pote, kuongeza kipenyo kutoka M12 hadi M18 huleta umbali zaidi kwa gharama ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka, nalo ni tofauti kati ya kihisi kinachoweza kuzamishwa ndani ya metali hadi usawa wa uso wake na kile kisichoweza. Cha pili huona mbali zaidi kwa sababu uga wake hutanuka pembeni, lakini kwa sababu hiyo hiyo huona pia bamba alilolitoboa fundi ili kukifunga. Dalili yake haifichiki: taa ndogo ya njano iliyo mgongoni mwa kihisi inawaka muda wote, hata shabaha ikiwa mbali, na kila kihisi kipya kinachofungwa kwenye tundu lile lile kinafanya vivyo hivyo, mpaka mtu atakapopanua nafasi kuzunguka uso wake. Mnunuzi asiyeijua tofauti hii atakirudisha dukani kihisi kizima.

Kihisi cha kapasita hufanana na hicho kwa umbo, na wengi hukinunua wakidhani ni kaka yake anayeona vitu vyote. Ni kweli kwamba kinatambua nafaka, plastiki, karatasi na vimiminiko, kwa kuwa kinapima namna kitu kinavyobadilisha uga wa umeme mbele yake. Maji hubadilisha uga huo kwa nguvu sana, kipimo chake kikiwa karibu 80 dhidi ya 1 ya hewa, na plastiki nyingi ziko kati ya 2 na 4. Ndiyo maana kihisi hiki kinaweza kuona maji kupitia ukuta wa tangi la plastiki, kazi ambayo kinaifanya vizuri kabisa. Lakini nguvu hiyo ya maji ndiyo inayokiponza. Utando mwembamba wa maji uliobaki ukutani baada ya tangi kushuka, au unyevu ulioganda kwenye uso wa kihisi alfajiri, unatosha kukifanya kiseme tangi limejaa. Skrubu ndogo ya kurekebishia hisia husaidia, ila marekebisho yanayofaa msimu wa kiangazi si lazima yafae msimu wa mvua. Ninakipa alama ya wastani: kinunuliwe kwa kazi ambayo hakuna kihisi kingine kinachoiweza, na mahali ambapo fundi anaweza kukifikia kwa bisibisi.

Vihisi vya mwanga vinastahili nafasi kubwa zaidi, maana hapa ndipo uchaguzi mbaya hutokea mara nyingi kutokana na ubahili usio na hesabu. Vipo vya mpangilio wa aina tatu. Katika wa kwanza, kitoa mwanga hufungwa upande mmoja na kipokezi upande wa pili, na kitu huonekana kinapokata mwale. Katika wa pili, kitoa mwanga na kipokezi vimo katika kasha moja na kiakisi hufungwa upande wa pili. Katika wa tatu hakuna chochote upande wa pili, bali kihisi hutegemea mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu chenyewe. Mpangilio huu wa tatu ndio rahisi kufunga na ndio wenye waya mchache, kwa hiyo ndio unaonunuliwa na mtu anayetazama gharama ya siku ya kwanza.

Umbali wake, hata hivyo, kwa kawaida hutajwa kwa karatasi nyeupe inayoakisi asilimia 90 ya mwanga. Weka boksi jeusi mbele yake na umbali unaanguka kwa kiasi kikubwa. Weka ukuta mweupe nyuma ya boksi hilo jeusi na kihisi kitaona ukuta badala ya boksi. Dawa yake ni toleo lenye kuzuia mandhari ya nyuma, ambalo halihesabu wingi wa mwanga unaorudi bali pembe unayorudia, hivyo kitu cheusi na cheupe hukatwa karibu umbali mmoja. Tofauti ya bei kati ya toleo la kawaida na hili si ya kutisha, na kwa mtu anayepitisha vifungashio vya rangi mbalimbali sioni sababu ya kununua lile la kawaida.

Mpangilio wa kiakisi nao una mtego wake. Kopo la metali lenye uso wa kung'aa hurudisha mwanga kama kiakisi kinavyoufanya, na kihisi kikaamini kwamba njia ni nyeupe wakati kopo limesimama katikati. Matoleo yenye kichujio cha mwanga yanalimaliza tatizo hili kwa ustadi: mwanga hutoka ukiwa umechujwa utetemeke katika mwelekeo mmoja, kiakisi cha pembe tatu huugeuza mwelekeo huo, uso wa kopo hauugeuzi, na kipokezi hukubali uliogeuzwa tu. Anayepitisha makopo, au kitu chochote chenye kung'aa, asikubali kuuziwa toleo lisilo na kichujio. Kwa chupa zinazopenyeza mwanga hata hilo halitoshi. Kuna matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye uwezo wa kutambua upungufu mdogo sana wa mwanga, na hayo hudai lenzi na kiakisi vifutwe kwa ratiba.

Mpangilio wa vipande viwili vinavyotazamana ndio unaonigharimu maneno machache zaidi. Mwanga husafiri mara moja tu badala ya kwenda na kurudi, akiba ya mwanga inakuwa kubwa, na vumbi la saruji, unga au mbao linaweza kufunika sehemu ya lenzi bila kazi kusimama. Gharama yake ni kebo ya pili na kazi ya kuvielekeza vipande viwili. Katika sehemu zenye vumbi gharama hiyo hulipwa kwa saa za usimamaji zinazookolewa, na mtu anayejutia kebo ya pili huwa hajahesabu mtu wa kupanda ngazi kila wiki na kitambaa mkononi.

Niseme pia, kwa ufupi, kwamba swichi ya mkono yenye gurudumu dogo linalosukumwa na mtambo haijafa. Inalika, ina kasi ndogo, lakini hubeba mkondo mkubwa, haina elektroniki ya kuungua, na kasoro yake huonekana kwa macho.

Kupima kina cha tangi ni mahali ambapo tarakimu ya kwenye boksi na hali halisi hutengana zaidi. Kihisi cha altrasoniki hutoa sauti isiyosikika na kuhesabu muda wa mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi joto 20, na kasi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja. Hesabu hiyo inaonekana ndogo mpaka uipeleke kwenye tangi la nje: hewa ikipanda kwa nyuzi 30 kutoka usiku hadi mchana, kosa linafika asilimia 5, yaani kama sentimita 15 juu ya umbali wa mita 3. Watengenezaji wanalijua hilo na huweka kipimajoto ndani ya kihisi ili kusahihisha, na usahihisho huo hufanya kazi vizuri ndani ya jengo. Nje, jua likipiga kichwa cha kihisi, kipimajoto kinapima joto la plastiki yake badala ya joto la hewa iliyo juu ya maji, na usahihisho unageuka kuwa kosa jipya. Kofia ya kukikinga na jua ni kipande cha bei ndogo kinachopaswa kuagizwa siku ile ile. Tena kihisi hiki kina eneo la upofu karibu na uso wake, ambapo mwangwi hurudi kabla utando wake haujaacha kutetemeka, na tangi likijaa hadi humo namba zinazosomwa hazina maana. Povu nene humeza sauti, na mvuke huivuruga. Kwa maji safi, ndani ya jengo, ninakipendekeza bila wasiwasi. Kwa tangi la kuchachushia, hapana.

Rada imechukua kazi nyingi ambazo zamani ziliachiwa altrasoniki, na inastahili. Mawimbi yake hayahitaji hewa ili kusafiri, kwa hiyo halijoto na mvuke haviyasumbui sana. Matoleo ya gigahezi 80 yana mwale mwembamba kuliko yale ya gigahezi 26, jambo linaloonekana kuwa la kitaalamu tu mpaka ufungue tangi lenye ngazi, koili za kupashia joto na kikorogeo, ambapo mwale mpana hurudi na mwangwi wa kila kimoja. Udhaifu wake uko kwenye vitu vinavyoakisi mawimbi hayo kwa unyonge, kama mafuta na chembe za plastiki, na hapo mnunuzi adai majaribio kabla ya kulipa. Lakini kabla ya kulipia rada, ninashauri kila mtu ajiulize kama kihisi cha shinikizo kilichofungwa chini ya tangi hakitoshi. Kila mita ya maji huleta kilopaskali 9.8 hivi, povu halina uzito wa kuhesabika, na hesabu huharibika tu pale msongamano wa kimiminiko unapobadilika. Kwa tangi la wazi la maji sijaona sababu ya kununua kitu cha ghali zaidi ya hicho.

Katika vihisi vya shinikizo, tarakimu ya usahihi ndiyo yenye mtego. Asilimia 0.5 mara nyingi ni ya upeo mzima wa kihisi, si ya kile unachosoma. Kihisi cha bar 0 hadi 100 chenye usahihi huo kinaweza kukosea nusu bar mahali popote. Kikifungwa kwenye bomba linalofanya kazi kwa bar 6, nusu bar hiyo ni zaidi ya asilimia 8 ya unachosoma. Wanunuzi huchukua upeo mkubwa kwa kuhofia shinikizo la ghafla, hasa lile pigo la maji linalotokea vali inapofungwa kwa kasi, na hofu yao si ya bure kwa sababu pigo hilo hupasua kiwambo cha kihisi. Jibu, kwa maoni yangu, si kununua upeo mkubwa mara kumi na tano, bali ni kuchukua upeo unaozidi shinikizo la kazi kwa kiasi cha nusu hivi hadi maradufu, kusoma kwenye karatasi ni shinikizo gani kihisi kinalivumilia bila kuharibika, na kuweka kizuizi chenye tundu jembamba mbele yake. Mnunuzi ahakikishe pia anajua kama anataka shinikizo dhidi ya hewa inayomzunguka, dhidi ya ombwe, au tofauti ya pande mbili. Hivi ni vihisi vitatu tofauti ingawa kwa nje hutofautiana kwa herufi moja tu kwenye lebo.

Kwa halijoto, uamuzi ni kati ya Pt100 na themokapo, na ninaegemea upande mmoja waziwazi. Pt100 ni ukinzani wa platini wenye omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Daraja A la kiwango cha IEC 60751 linaruhusu kosa la nyuzi 0.35 kwenye nyuzi 100, na daraja B linaruhusu 0.8. Themokapo ya aina K, ambayo hutumia volti ndogo inayozaliwa pale metali mbili tofauti zinapokutana, jambo alilolibaini Thomas Seebeck mwaka 1821, inaruhusiwa kukosea nyuzi 1.5 katika daraja lake bora. Chini ya nyuzi 400, ambako kazi nyingi za vyakula, dawa, maji na majengo ziko, Pt100 ndiyo chaguo langu. Themokapo inashinda kwenye tanuri, kwenye mitetemo mikali, na pale ncha nyembamba inapohitajika ili mabadiliko ya haraka yaonekane.

Pt100, hata hivyo, huharibiwa na waya. Ukinzani wake hubadilika kwa omu 0.385 tu kwa kila nyuzi, na kebo ya mita 30 yenye nyaya za milimita mraba 0.5 ina omu 2 na kitu, kwenda na kurudi. Ukiiunga kwa nyaya mbili, omu hizo zinahesabiwa kuwa ni joto, na kipimo kinakuwa juu kwa zaidi ya nyuzi 5. Hapo tofauti ya daraja A na B uliyoilipia haina kazi tena. Nyaya tatu huondoa sehemu kubwa ya kosa hilo, nyaya nne huliondoa lote. Themokapo nayo hudai kebo ya jamii yake hadi kwenye kidhibiti (kifaa kinachosoma vihisi na kuuamuru mtambo), na mtu akiunganisha katikati kwa waya wa shaba uliobaki stoo, kipimo kitabadilika kulingana na joto la kisanduku cha maungio. Katika jamii hii bei ya kebo ni sehemu ya bei ya kihisi, na muuzaji anayetaja moja bila nyingine anampotosha mteja.

Vihisi vya mtiririko vinahitaji makala yake, kwa hiyo nitagusa jambo moja. Kile cha sumaku ni bora kwa maji, tope na maji taka, kwa kuwa hakina kitu kinachozunguka ndani ya bomba, lakini kinadai kimiminiko kinachopitisha umeme, kwa kawaida angalau maikrosimensi 5 kwa sentimita. Mafuta hayafiki hapo, wala maji yaliyotolewa madini yote. Kitakaa kwenye bomba la mafuta kikisoma sifuri kwa utulivu mkubwa.

Upande wa waya ndiko kihisi kizuri kinakogeuka mzigo. Vihisi vya kuwasha na kuzima huja kama PNP, kinachotoa volti chanya kwenye waya wa ishara, au NPN, kinachouvuta waya huo kwenda sifuri. Kadi ya kidhibiti hukubali kimoja na mara nyingi haikubali kingine. Rangi zimeshasanifishwa: kahawia ni chanya, buluu ni sifuri, nyeusi ni ishara, nyeupe ni ishara ya pili. Kwa jambo linalohusu uharibifu, kama vile tangi kufurika, ninapendelea kihisi ambacho ishara yake huwapo wakati hali ni nzuri na hukatika hatari inapofika, kwa kuwa waya ukikatwa na panya mtambo utasimama badala ya kuendelea kwa imani potofu.

Kwa vihisi vya kupima, mkondo wa miliampea 4 hadi 20 bado ndio ninaoupendekeza kwa umbali mrefu. Haupungui kwa ukinzani wa waya, na sifuri ya kipimo ni 4, si 0, kwa hiyo waya uliokatika hujitambulisha wenyewe. Pendekezo la NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, linakwenda mbele zaidi: kipimo halali kiwe kati ya 3.8 na 20.5, na chini ya 3.6 au juu ya 21 isomwe kuwa ni kasoro ya kihisi. Jambo la kuangalia ni volti. Kihisi kinachotaka volti 10 ili kifanye kazi, kikilishwa volti 24, kinaacha 14 kwa ajili ya waya na kadi, na 14 ukizigawa kwa miliampea 20 unapata omu 700. Ukinzani wa saketi ukizidi hapo, kipimo kitagota kabla ya kufika juu.

Kuhusu kinga ya kasha, IP67 husomwa kama kwamba ni bora kuliko kila kilicho chini yake. Kiwango cha IEC 60529 kinakifanyia kihisi hicho jaribio la kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hakisemi kwamba kitastahimili mpira wa maji yenye nguvu, na kihisi kinachooshwa kila zamu kwa maji ya moto kinahitaji IP69K, ambayo hujaribiwa kwa maji ya nyuzi 80 yenye shinikizo la bar 80 hadi 100 kutoka umbali wa sentimita 10 hadi 15. Tena kinga hiyo ni ya kasha pamoja na plagi iliyokazwa vizuri. Plagi ya M12 iliyofungwa nusu hupitisha maji hata kama kihisi chenyewe kina alama zote. Katika maeneo yenye gesi au vumbi linaloweza kulipuka hakuna mjadala wa bei: kihisi kiwe na cheti cha kinga dhidi ya mlipuko, cha ATEX (cha Ulaya) au IECEx (cha kimataifa), kinacholingana na kanda husika. Vivyo hivyo kihisi cha kawaida cha mwanga kisitumike kulinda mikono ya watu kwenye mashine ya kubana. Kazi hiyo ni ya vifaa vilivyotengenezwa chini ya IEC 61496, ambavyo hujikagua vyenyewe na kusimamisha mashine vinapopata kasoro.

Limebaki suala la IO-Link, ambalo wauzaji siku hizi hulitaja kwanza. Ni mawasiliano ya kidijitali kupitia nyaya tatu za kawaida, hadi mita 20, yanayokiwezesha kihisi kutuma kipimo chenyewe, kueleza kwamba lenzi yake imechafuka, na kupokea upya marekebisho yake yote kinapobadilishwa. Faida hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini: fundi wa zamu ya usiku anachomoa kihisi kilichokufa, anachomeka kipya cha aina ile ile, na marekebisho yanashuka yenyewe kutoka kwenye moduli ambayo kihisi kimeungwa nayo bila mtu kutafuta bisibisi wala kitabu. Kwa vihisi vya mwanga na vya shinikizo vyenye marekebisho mengi ningelipa nyongeza hiyo. Kwa kihisi cha induksheni kinachosema ndiyo au hapana tu, nyongeza hainunui kitu kikubwa, ingawa kihisi chenye IO-Link kikiungwa kwenye kadi ya kawaida hufanya kazi kama swichi nyingine yoyote kupitia ule waya mweusi, kwa hiyo aliyepewa kwa bei ile ile hana sababu ya kukikataa.